Ekseli ya Giteranyi

Pikapu ya Josephat ilikuwa imetembea mpaka saa ya kilomita ikamaliza namba zake zote, ikarudi sifuri, ikaanza kuhesabu upya kana kwamba imetoka kiwandani juzi. Yeye mwenyewe hakujua imepita mikononi mwa watu wangapi kabla yake. Alichojua ni kwamba tangu mvua zianze, kulikuwa na kitu kinachounguruma nyuma, upande wa kulia, sauti nzito iliyopanda kila alipoongeza mwendo, na kwamba abiria waliokaa juu ya magunia walikuwa wakiacha mazungumzo yao wakifika kwenye miteremko.

Ulikuwa mwaka ule watu walipokuwa wakirudi kwa wingi kutoka Tanzania. Malori yaliwashusha kwenye makao ya komini, ofisi za tarafa, pamoja na mabati na sufuria zao, na kutoka hapo kila mtu alijitafutia njia ya kufika kilimani kwao. Kuwafikisha ndiyo ilikuwa kazi ya Josephat. Naye alikuwa mmoja wao. Alivuka mpaka akiwa kijana asiye na ndevu, akakulia kambini upande wa Ngara, akarudi kwao Buraza na mke na watoto, akakuta shamba la baba yake linalimwa na mtu mwingine. Wakaligawana, nusu kwa nusu. Hakupenda kulizungumzia.

Zakaria, fundi wa mtaa wa Yoba pale mjini Gitega, aliiinua pikapu kwa jeki, akashika gurudumu la kulia kwa mikono miwili, akalitikisa. Likacheza kama jino linalotaka kung'oka. Alipofungua ngoma ya breki, ndani mlikuwa na oili nyeusi iliyochanganyika na unga wa chuma.

"Ona," alisema. Alikuwa Mwislamu wa mjini, mtu wa makamo mwenye kofia iliyopauka, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha Gitega. "Rulma, hii beringi, iko imekufa. Lakini si rulma tu. Shafti yenyewe imelika, hapa pahali rulma inakaa. Mi nikikuwekea rulma mupya leo, kesho itacheza tena."

"Kwa hiyo?"

"Donc ni kubadilisha ekseli yote."

"Na nikiendelea nayo hivihivi?"

Zakaria alijipangusa mikono kwa kitambaa, taratibu. "Siku moja gurudumu litatoka na shafti yake, vile kisu kinatoka kwenye ala. We utaliona linakupita barabarani. Na breki iko imelowa oili. Ikuje kwa mteremko, watu wako nyuma... Mungu apishe mbali."

Ekseli ya aina ile haikupatikana Gitega. Lakini Zakaria alikuwa na shemeji yake Muyinga, Juma, mfanyabiashara wa vyuma, na Juma alijua habari ya pikapu kama ile iliyolala uani kwa watu huko Giteranyi tangu vita. Haikuwa imetembea tena, ekseli yake ilikuwa haijachoka. Wakapiga simu. Mtu aliyepokea alijitambulisha kwa jina la Bonifasi.

"Njooni," alisema. "Lakini msichelewe. Njooni wiki hii hii."

Hakueleza haraka ilikuwa ya nini. Kabla ya kukata, akauliza swali ambalo Josephat alilitafakari baadaye njiani: "Huyo mwenye gari, ni mtu wa hapa au ametoka kambini?"

Waliondoka asubuhi, bila mzigo, wawili tu na vifaa vya Zakaria. Walipita Karuzi polepole, wakiachia baiskeli za ndizi ziwapite kwenye miteremko. Zakaria aliweka kiganja chake kwenye sakafu ya gari, nyuma ya kiti, akisikiliza kwa mkono. Kila walipopanda mlima uso wake ulilegea. Kila walipoanza kushuka midomo yake ilicheza, na Josephat alijua anasoma dua. Baada ya mji wa Muyinga lami iliisha. Barabara ya Giteranyi ilikuwa matope mekundu na mawe, na ule mngurumo ukabadilika. Ukawa mgongano, chuma kwa chuma, halafu kimya, halafu tena.

"Usisimame," Zakaria alisema. "Tukisimama hapa hatuondoki."

Bonifasi aliwapokea barabarani. Alikuwa mwanamume mwembamba mwenye koti la suti juu ya shati lisilo na vifungo, mchangamfu kupita kiasi. Alimshika Josephat mkono akauzuia, asiuachie, akamwongoza hivyo mpaka nyuma ya nyumba ya matofali ya udongo, chini ya miti ya migrevilea.

Pikapu ilikuwa imepandishwa juu ya mawe, haina magurudumu. Ilikuwa ya buluu. Mlango wa dereva peke yake ulikuwa mwekundu.

Josephat alisimama ghafla. Alikuwa ameshaijua pikapu hii. Hakuwahi kuiona kwa macho. Aliisikia kwa mdomo wa mtu, jioni nyingi, kambini. Jirani yake wa nyumba ya maturubai alikuwa dereva aitwaye Venansi, ambaye alimfundisha gari kabla hajagusa usukani, kwa kuchora pedali tatu mavumbini na kumwambia azikanyage. Venansi hakuchoka kuisimulia pikapu yake. Ya buluu, mlango mmoja mwekundu. Nimeiweka juu ya mawe, magurudumu nimeyazika shambani ili askari wasiende nayo. Nikirudi nitayafukua, nitawasha, nitakwenda. Alisema kwao ni Muyinga, na Muyinga ni mkoa mzima, kilima hakukitaja. Msimu mmoja wa mvua homa ilimshika, na Josephat alikuwa miongoni mwa waliomchimbia kaburi.

Alipogeuka, Bonifasi alikuwa anamtazama, na hakuwa anatabasamu tena.

"Umelijua gari," alisema kwa Kirundi.

"Magari ya hivi ni mengi."

"Yenye mlango mwekundu?" Bonifasi alichuchumaa, akakwangua kutu kwenye bampa kwa ukucha. "Ni la kaka yangu. Alikimbia nasi wote, tukapotezana mpakani. Sisi tulirudi, yeye hakurudi. Mkewe anasema yu hai. Miaka yote hii anasema yu hai. Na maadamu yu hai, ardhi hii yote mpaka bondeni ni yake, mimi nina kipande cha kuweka mguu mmoja. Mke hana mtoto wa kiume. Ana binti mmoja, na binti ameshaolewa Kobero. Kaka akiwa amekufa, ardhi inarudi kwangu." Akainuka. "Ekseli chukua. Sitaki kitu chochote. Nimewaita wazee, kesho asubuhi watakaa hapa. Wewe utawaambia tu unachokijua."

"Sijasema najua kitu."

"Mdomo haujasema," Bonifasi alijibu, akaondoka.

Zakaria alikuwa ameshajiingiza chini ya gari la Josephat. Alipotoka alikuwa amefura mashavu kama mtu anayezuia pumzi. "Shafti imeanza kutoka," alisema. "Vidole vyangu viwili vinaingia katikati. Na hii hatufiki hata kwa barabara kubwa. Ni ekseli ya hapa ama tunabaki hapa."

"Basi ifungue ya hapa."

"Mi nilienda kushika spana, yule bwana akasema hapana. Anasema hakuna kugusa nati mpaka kesho, wazee waishe kusikiliza." Akashusha sauti. "Josephat, hapa pahali si pazuri. Kuna nini?"

Josephat alimweleza. Zakaria alisikiliza, akavua kofia yake, akaivaa tena.

Gaudensia alirudi kutoka bondeni jua likiwa limeanza kuinama. Alikuwa mwanamke mrefu, miguu imejaa matope mpaka magotini, jembe begani. Aliwasalimu wageni kwa heshima, akauliza habari za njia, na kabla hajaweka jembe chini akauliza kama kuna aliyetoka kambini kati yao.

"Mimi, mama," Josephat alisema.

"Kambi ya upande gani?"

"Ngara."

"Hukukutana na mtu anaitwa Venansi? Dereva. Ana kovu hapa." Alijigusa kidevu.

Aliuliza kwa sauti ya kawaida, sauti ya mtu aliyezoea kuuliza, aliyewauliza wote waliopita njia ile. Kwenye kona ya nyumba Bonifasi alikuwa amesimama, anachokonoa meno kwa kijiti.

"Hapana, mama," Josephat alisema. "Simkumbuki."

"Watu walikuwa wengi," Gaudensia akasema, kana kwamba anamwombea radhi, akaingia jikoni kuwapikia.

Josephat alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Bonifasi alipotoka kwenda kuwahimiza wazee, Josephat aliinuka akaenda mlangoni pa jiko. Gaudensia alikuwa anapuliza moto.

"Mama," alisema. "Nimekudanganya."

Aliacha kupuliza. Hakugeuka.

"Tulikaa mlango kwa mlango. Alifariki kwa homa, msimu wa mvua, mwaka wa pili wa kambi. Tulimzika vizuri, kwa sala. Mimi nilishika jembe."

Moshi ulijaa jikoni na Gaudensia hakuuondoa. Alikaa vile vile, magoti chini, mikono mapajani. Josephat aliona mabega yake yakishuka kidogo kidogo, kama mtu aliyetuliwa mzigo na bado hajajua kama apumue au alie.

"Alisema nini?" aliuliza hatimaye. "Mwishoni."

"Homa ilikuwa imepanda kichwani. Hakusema kitu cha kueleweka, mama. Hakuwa anatujua."

"Hakututaja?"

"Hapana."

Akaitika kwa kichwa. Akachukua ukuni, akausukuma motoni. "Huyu shemeji yangu amekuita kesho useme mbele ya watu."

"Naweza kusema simjui. Nimeshasema."

"Utawaapia uongo bashingantahe, wazee wa hukumu?" Sasa aligeuka, na macho yake yalikuwa makavu, mekundu kwa moshi. "Sema kafa. Nimechoka kupika chakula cha mtu asiyekuja. Kuhusu shamba, nitajua la kufanya."

Lakini Josephat aliona kwamba hajui. Alikuwa amesimama pale pale aliposimama Josephat mwenyewe siku aliposhuka Buraza, akatazama mihogo ya mtu mwingine juu ya udongo wa baba yake.

Asubuhi ukungu ulikuwa umelala juu ya migrevilea, na wazee walitokea ndani yake mmoja mmoja, wamevaa makoti, fimbo mkononi. Bashingantahe walikuwa wachache, na aliyewaongoza aliitwa Egidius, mtu mnene mwenye pumzi fupi. Walikaa kwenye benchi na vigoda mbele ya nyumba. Gaudensia alikaa mkekani, kitenge kichwani. Majirani walisimama pembeni bila kusalimiana. Ilionekana kila mtu ameshajua mgeni kaja kusema nini.

Bonifasi alizungumza kwanza, kwa upole, akimsifu kaka yake. Kisha akamwita Josephat.

Egidius akagonga ardhi kwa intahe, ile fimbo ya hukumu. "Sema ulichokiona kwa macho na ulichokisikia kwa masikio. Aliyeko chini ya ardhi anakusikia."

Josephat alieleza kambi, nyumba za maturubai, pedali za mavumbini, pikapu ya buluu. Alieleza homa. Aliposema kaburi, mwanamke mmoja kati ya majirani alipiga yowe fupi, akafunika mdomo. Gaudensia alitazama chini.

"Ameacha neno?" Egidius aliuliza.

Lilikuwa swali la desturi tu, na Bonifasi alikuwa ameshaanza kuinuka ili kushukuru. Josephat alimwona anavyojipangusa magoti, anavyojinyoosha, akitazama juu ya vichwa vya watu kuelekea bondeni kama mtu anayepima.

"Ndiyo," Josephat alisema.

Bonifasi akasimama hivyo, nusu.

"Siku moja kabla ya kufa alituita. Alisema, nyumba na shamba mpaka mtoni ni vya mke wangu Gaudensia, na binti yetu baada yake. Alisema nimwambie yeyote wa kwao nitakayemwona."

Alilisema mara moja, wazi, na sauti yake haikutetemeka. Kitu pekee kilichomtisha ni jinsi lilivyotoka kwa urahisi. Gaudensia aliinua uso, akamtazama. Yeye peke yake pale alijua, na Josephat alingoja, bila kujua yeye angefanya nini kama mama yule angefungua mdomo.

Gaudensia akateremsha kitenge mpaka machoni.

Wazee walijitenga nyuma ya nyumba. Walikaa muda mrefu. Sauti ya Bonifasi ilisikika mara moja ikipanda, kisha ikanyamazishwa. Waliporudi, Egidius alisema neno la anayekufa haliachwi njiani. Gaudensia angebaki kwenye nyumba na shamba maisha yake yote. Habari ya binti ingezungumzwa wakati wake ukifika. Akagonga tena ardhi. Hapakuwa na shangwe. Watu waliondoka kama walivyokuja, ukungu ukawameza.

"Mfungulieni hiyo ekseli," Gaudensia alisema.

Zakaria alifanya kazi kama mtu anayekimbizwa. Alizifungua yubolti, zile bolti zinazoifunga ekseli kwenye springi, zilizoshikwa na kutu, akipiga kwa nyundo na kumwaga mafuta ya taa, akaitoa ekseli ya pikapu ya buluu nzima, na difu yake, gia za katikati, ndani, wakaiburuta kwenye majani. Akachomoa shafti, akazigeuza kwenye mwanga: zilikuwa laini, zinang'aa. Josephat alishikilia, akainua, akakaza pale alipoambiwa. Kwa muda wote huo Bonifasi alikaa kwenye kizingiti cha nyumba yake ng'ambo ya ua, anawatazama. Hakwenda kula. Mara moja Josephat aliangusha spana, na alipoinama kuiokota aliona kivuli cha yule mtu kimesogea karibu, kimesimama.

Walikaza springi, wakaunganisha paipu za breki, wakatoa hewa. Zakaria aliikagua kila nati kwa mkono wake, akarudia, kisha akamnong'oneza Josephat arudie na yeye.

Gaudensia alikuja na kikapu cha viazi vitamu, akakiweka kwenye kiti cha gari. "Kaburi lina alama?" aliuliza.

"Tuliweka jiwe na msalaba wa mti. Mti sijui kama upo. Jiwe lipo."

"Utanielekeza. Siku moja nitakwenda." Aligeuka akaenda zake, haraka, kuelekea bondeni.

Walipofika barabarani Bonifasi alikuwa ametangulia, amesimama katikati. Josephat alipunguza mwendo mpaka akasimama. Bonifasi akaja upande wa dereva, akaweka viwiko dirishani.

"Umesema alimtaja Gaudensia," alisema.

"Ndiyo."

"Kaka yangu hakumwita hivyo hata siku moja. Tangu mtoto azaliwe alimwita Mama Jovina. Hata akiwa na hasira. Hata akiwa amelewa." Alisema bila kupandisha sauti, akimtazama Josephat karibu sana, kama mtu anayekariri uso. "Kambini mlikuwa wengi. Si wewe peke yako uliyeshika jembe."

Akatoa viwiko, akapiga bodi ya gari kofi dogo, kama unavyompiga ng'ombe anayekwenda. "Safari njema."

Pikapu ilishuka milima bila kelele yoyote. Karuzi walisimama Zakaria apate kuswali. Alipomaliza alikaa kitini bila kufunga mlango.

"Josephat. Yule mtu wa kaburi, alisema ile maneno?"

"Alikufa, Mzee Zakaria. Alikufa kweli."

"Mi sikuuliza hiyo."

Josephat akawasha gari. Zakaria akamtazama kidogo, akavuta mlango.

Mvua zilikwisha, maharage yakavunwa. Josephat aliendelea kupeleka watu vilimani, na gari likawa zuri kuliko lilivyopata kuwa. Kupitia kwa Juma zilifika salamu kwamba Gaudensia anaendelea vizuri, kwamba binti yake amekuja kulima pamoja naye. Na kupitia kwa Juma huyo huyo zilifika habari nyingine: Bonifasi amechukua baiskeli, amevuka kwa njia za miguu, yuko upande wa Ngara. Anawatafuta waliobaki kule, na ametaka majina ya waliorudi. Anauliza nani walikaa karibu na Venansi, nani alimuuguza.

Alikuwapo mmoja aliyemuuguza. Mwanamke aitwaye Letisia, mjane, aliyempa Venansi maji kwa kijiko mpaka mwisho, na aliyesikia kila alichosema na asichosema. Josephat mwenyewe ndiye aliyemrudisha, mwezi wa kwanza wa kazi yake, yeye na mabati yake, mpaka kilima kilicho ng'ambo ya Buraza. Nyumba yake ilionekana ukisimama kwenye ua wa Josephat.

Alikwenda kwake siku ya soko. Alimkuta anapura mtama, akakaa, akasifia mtama. Alikuwa amejiandaa kumwomba. Lakini Letisia alimtangulia.

"Kuna mtu wa Muyinga ameagiza salamu kwangu," alisema, bila kuacha kupura. "Anasema atakuja tuzungumze habari za Venansi. Ni ndugu yake?"

"Ndugu yake."

"Nimwambie nini?"

Josephat alifungua mdomo. Chini barabarani kengele ya baiskeli ililia, na wote wawili wakageuza vichwa kutazama ni nani anayepanda.